Mbwa Weupe wa Dundori

Dada yangu mkubwa anajua kufuga. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wakisikia yaliyotokea kwake hudhani ni mtu wa kubahatisha. Ng'ombe wake wa maziwa kule Dundori walikuwa wanasifiwa mpaka mjini. Nilikuwepo siku alipomfukuza bwana mmoja wa kupandikiza mbegu, kwa sababu alikuja na mbegu ya fahali yuleyule aliyemzaa mtamba aliyekuwa kwenye joto, akitaka dume.

"Huyo ni babake!" dada alimfokea. "Unataka nimwoze mtoto kwa babake? Ndama akitoka kilema utamlea wewe?"

Yule bwana alifunga mkebe wake, akapanda pikipiki, akashuka mlima na ukungu wake.

Mimi nina duka dogo la dawa za mifugo mjini Nakuru, na mbwa waliingia maishani mwetu kupitia hapo. Mteja wangu mmoja alikuwa anahamia ng'ambo na alitafuta mtu wa kumwachia mbwa wake wawili. Mmoja alikuwa dume la kuchungia kondoo, kubwa, lenye madoadoa ya kijivu na meusi kama mtu alilimwagia majivu mvua ikinyesha. Mwingine alikuwa jike la poodle, jeupe lenye rangi kidogo ya kahawia masikioni, manyoya yamejikunja. Nilimfikiria dada mara moja. Watoto wake walikuwa wameshaondoka nyumbani, na shemeji yangu alikuwa kwenye mitambo ya umeme Olkaria, akirudi tu zamu ikimruhusu. Kila nilipompigia simu dada nilisikia redio ikizungumza peke yake nyuma yake.

Mbwa wale walimpendeza. Walipozaa, alinipigia simu akicheka kama msichana. Na sitasema uongo, watoto wa kwanza walikuwa wazuri sana. Walikuwa wachangamfu, wenye akili, wenye manyoya laini yasiyotapakaa nyumbani. Wengine walifanana na mama, wengine walichukua madoa ya baba. Mpwa wangu alipokuja kumwona mamake akawapiga picha, akaziweka mtandaoni, na wiki hiyohiyo magari ya Nairobi yakaanza kupanda Dundori.

"Chotara hawa wa poodle wanawaita doodle," dada alimweleza mumewe aliporudi.

"Dudu?" shemeji akauliza. "Nimeacha ng'ombe hapa, nakuta mnafuga wadudu?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu sikumbuki kingine baada yake.

Watoto wote walichukuliwa isipokuwa jike mmoja mwenye madoa kama ya baba yake, ambaye dada alimbakiza. Wanunuzi walitaka wengine. Ndipo nikamshauri tuende kwa daktari mmoja mstaafu wa mifugo, mama anayeishi nje ya mji kwenye njia ya Njoro, anayezalisha German Shepherd. Alikuwa mteja wangu, na nilijua ni mkali. Aliwahi kukataa kumuuzia mbwa mtu mmoja mkubwa kwa sababu alisikia kwamba anafunga mbwa kwa mnyororo mchana kutwa.

Alitupokea barazani. Dada alimwonyesha picha kwenye simu, akitegemea, nadhani, kwamba atadharauliwa kwa kuchanganya aina mbili. Daktari alizitazama moja baada ya nyingine. Kisha akapiga mluzi. Kutoka nyuma ya nyumba akaja dume moja la German Shepherd, kichwa kama cha simba, mgongo mweusi unaong'aa. Lilikuja polepole. Lilipofika kwenye ngazi likasimama, likatutazama, halikupanda.

"Vikombe vyote vya mashindano vilivyo kabatini ni vya huyu," daktari akasema. "Damu yake ni safi mpaka kwa babu wa babu. Na nyonga zake zimeoza. Nilipoona watoto wake wawili wanachechemea, niliufunga ukoo mzima. Yeye, dada zake, watoto wake, wote nikawafunga uzazi. Watu walinicheka."

"Kwa hivyo hata hawa wa mbegu safi wana shida?" dada akauliza, na nilisikia ushindi kidogo sautini mwake.

"Mwanangu, mbwa hajui kama yeye ni safi au ni chotara. Anajua tu kama nyonga inauma. Mimi sina ugomvi na chotara. Nina ugomvi na mtu asiyejua anachounganisha." Akamrudishia simu. "Huyu jike wa madoa, umembakiza wa nini?"

"Nampenda tu."

"Mpende. Lakini usimpeleke kwa babake, na usimpeleke kwa dume lolote lenye madoa kama hayo. Madoa hayo kwa mzazi mmoja ni rangi tu. Yakitoka kwa baba na mama, baadhi ya watoto watatoka weupe, macho ya samawati, wazuri ajabu. Na hao hawatakusikia ukiwaita. Wengine hawatakuona."

Dada alimshukuru kwa heshima. Tulipofika garini akafunga mlango kwa nguvu.

"Anataka soko libaki lake."

"Amesomea, dada."

"Na mimi je? Nimevuta ndama wangapi kwa mikono hii?"

Sikubishana. Kwetu mdogo habishani na mkubwa zaidi ya mara moja.

Nilikaa miezi kadhaa bila kupanda kwake. Ilikuwa msimu wa mvua, na duka lilikuwa na kazi. Tulizungumza kwa simu kuhusu viazi, kuhusu mguu wa mama, kuhusu barabara. Mbwa hakuwataja. Kisha mteja akaja dukani kununua dawa ya minyoo, akanionyesha kwa fahari picha ya mtoto wa mbwa aliyemwekea oda Dundori. Alikuwa mweupe kama pamba. Macho yake yalikuwa ya samawati iliyofifia, kama maji ambayo ndani yake umesuuza kikombe cha maziwa.

Nilifunga duka siku hiyo mapema, nikapanda mlima.

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya viazi hata ua wa nyumba ya dada sikuuona mpaka nilipougusa. Jike la poodle lilinibwekea, na lile la madoa likabweka pia. Dada alinipeleka kwenye kibanda cha zamani cha ndama, ambako watoto walikuwa wamelala kwenye nyasi kavu, wamerundikana. Wengi walikuwa wa madoa au wa kahawia. Wawili walikuwa weupe.

"Tazama," dada akaninong'oneza. "Si kama malaika?"

Nilikuwa nimebeba ndoo ya bati niliyomletea. Mkono ulikuwa na baridi, ndoo ikaniponyoka ikaangukia sakafu ya saruji. Kelele yake ilinitetemesha hata mimi. Watoto wote wakaruka, mmoja akalia, wakakimbilia kona. Wale wawili weupe walibaki wamelala. Mmoja alijinyoosha usingizini, akaweka kidevu juu ya mwenzake.

Tuliwatazama, mimi na dada, tukasubiri. Ukungu uliingia mlangoni.

"Wametulia," dada akasema. "Hao ndio watulivu."

"Dada. Umempandisha nani?"

Aliokota ndoo, akaifuta matope kwa kanga yake. "Yule wa madoa."

"Kwa babake?"

"Alikuwa kwenye joto, na dume liko hapahapa."

"Na yule bwana wa mbegu uliyemfukuza hapa?"

"Ng'ombe ni ng'ombe," akasema. "Ng'ombe akiharibika watu wanalala njaa. Mbwa hakamuliwi."

Aliisema bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo lililokwisha kupimwa. Hilo lilinitia hofu kuliko kama angenifokea. Nilimwomba asiwatoe wale weupe, au akiwatoa aseme ukweli. Alisema atafikiria. Nilipokuwa nikishuka na gari niliona taa za gari jingine likipanda, Probox nyeupe, na ndani yake mwanamke aliyeketi mbele ameinamia barabara kana kwamba anachelewa harusi.

Huyo ndiye aliyemchukua mmoja wa weupe. Nilimjua baadaye. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati huko Mai Mahiu, pale malori yanapopumzika baada ya kushuka mteremko. Yule mweupe mwingine alichukuliwa na watu wa Nairobi.

Mwaka ule ulipita vibaya bila tukio lolote ninaloweza kulitaja. Dada alilipandisha jike la madoa kila lilipoingia joto, bila kulipumzisha, mpaka matiti yake yakaning'inia na uti wa mgongo ukahesabika. Kila uzao ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia, na kila mara palikuwa na mmoja au wawili waliozikwa nyuma ya ghala kabla hawajafungua macho. Dada aliniambia hayo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Alikuwa amejibakizia jike mmoja mweupe, akamwachia alale jikoni. Mwishoni, jike lilipobeba mimba tena, lile dume la madoa alimwachia mtu mmoja wa mjini Nakuru aliyetaka naye kuanza. Nilipomuuliza kama alimpa onyo lolote, alisema, "Ni mtu mzima."

Kisha asubuhi moja mwanamke wa Mai Mahiu akaingia dukani kwangu. Nilimtambua kabla hajasema. Aliweka mezani kadi ya chanjo yenye muhuri wa duka langu.

"Mathe," akasema, ingawa tulikuwa rika moja, "nimekuja kuuliza kama mnajua mtu wa kufundisha mbwa. Si kwa huyu. Huyu amekufa. Nataka kujua kabla sijachukua mwingine, nijue nilikosea wapi."

Nilimpa kiti. Alieleza kwa utulivu kwamba mbwa wake alikuwa mzuri, lakini mkaidi kupindukia. Ukimwita haji. Ukimkataza, anaendelea. Alimchapa sana, alisema, kwa fimbo ya kusukumia chapati, kwa sababu mume wake alisema mbwa asiyechapwa hana adabu. Mbwa alikuwa anamtazama usoni kila akichapwa, kama anayejaribu kusoma.

"Siku hiyo lori lilikuwa linarudi nyuma. Dereva alipiga honi. Watu wote walitoka njiani. Yeye alikuwa amekaa kwenye jua, amenipa mgongo. Nikamwita. Nilimwita mpaka sauti ikakatika. Hakugeuza hata sikio." Aliigeuza kadi mezani. "Nikajiambia, ona huyu, hata sasa ananionyesha ukaidi."

Nilijua kwamba kama singesema wakati ule singesema tena.

"Mama, hakuwa mkaidi," nikamwambia. "Alikuwa kiziwi. Alizaliwa hivyo."

Sikuona machozi. Mkono wake wa kulia, ule wa fimbo, ulisogea taratibu kutoka mezani ukaingia chini ya shuka aliyojifunga.

"Aliyeniuzia alijua?"

"Alijua," nikasema.

Alisimama, akachukua kadi yake, akatoka. Aliisahau miwani yake kwenye kiti, na nilipomkimbilia nje hakuwepo tena.

Jumamosi nilipanda Dundori. Shemeji alikuwa amerudi kutoka Olkaria na alikuwa anatengeneza mlango wa ghala. Uzao mpya ulikuwa na wiki chache. Dada alinionyesha bila kunitazama. Walikuwa watatu tu, wawili wao weupe, na mmoja wa hao weupe alikuwa na macho madogo kama punje za pilipili manga, yamezama ndani kabisa. Alikuwa anazunguka duara, bega likigusa ukuta, akizunguka tena.

Tuliingia jikoni. Nikamweleza dada yote, fimbo ya chapati, lori, jinsi mbwa alivyokuwa anamtazama mwanamke usoni. Dada alikuwa anamenya viazi. Kisu hakikusimama mpaka nilipofika pale mbwa alipokuwa amempa mwanamke mgongo.

"Nyamaza," akasema.

"Dada."

"Nimesema nyamaza!"

Aliinuka ghafla, na nadhani alitaka tu kitu cha kufanya. Yule jike mweupe mkubwa alikuwa amelala kando ya jiko la kuni, fofofo. Dada aliinama, akamshika shingoni kwa mikono miwili ili amtoe nje.

Mbwa aliamka akiwa tayari ameuma. Hapakuwa na mngurumo, hapakuwa na onyo. Niliona tu kichwa cheupe kikipanda, na dada akarudi nyuma akiwa ameshika shavu, damu ikipita katikati ya vidole. Yule mbwa, alipomwona ni nani, alijilaza chini akatambaa kwa tumbo, akijikojolea, mkia katikati ya miguu.

Nilipiga kelele. Shemeji akaingia na jembe mkononi. Alimwona mkewe, akamwona mbwa, akainua jembe.

"Usimpige!" dada akasema. Mdomo ulikuwa umechanika, maneno yalitoka na damu. "Usimpige. Hakunisikia nikija."

Shemeji alisimama hivyo, jembe juu, akimtazama mkewe.

"Hakukusikia vipi?"

"Hasikii. Hajawahi kusikia. Wote weupe hawasikii." Kisha akakaa chini sakafuni, kando ya mbwa, akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipomzika baba.

Tulimpeleka hospitali, akashonwa, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Tulikuwa tunashuka, mji umeonekana chini, ziwa likiwa kijivu. "Na mimi nilikuwa nacheka dudu," shemeji akasema.

Kovu lilibaki kuanzia mdomoni hadi karibu na sikio. Nyuzi zilipotolewa, dada mwenyewe aliniomba nimrudishe kwa daktari mstaafu. Yule mama alitoka barazani, akatazama lile kovu, na nilingoja aseme kwamba alionya. Hakusema. Aliuliza tu, "Wako wangapi?" na kesho yake akapanda Dundori na mkoba wake. Jike la madoa, jike la poodle na lile jeupe walifungwa uzazi wote, mezani pale ambapo dada alikuwa akikandia unga. Yule mdogo wa macho ya punje daktari alimpima kwa muda mrefu, akampitishia mkono usoni mara nyingi.

"Huyu si lazima afe," akasema hatimaye. "Lakini lazima mtu amwahidi kwamba samani hazitahamishwa ndani ya nyumba."

Dada aliahidi. Alijifunza pia kupiga mguu sakafuni kabla ya kumkaribia mbwa aliyelala, na kuwaita kwa mkono. Kisha akaanza kuwapigia simu wote waliochukua weupe. Nilikaa naye. Wengine walikuwa wameshajua na walimtukana. Mmoja alisema wake alipotea na hakuwahi kurudi. Wale wa Nairobi walikata simu alipoanza kueleza, na walipopigiwa tena hawakupokea. Mwanamke wa Mai Mahiu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akakata.

Wa mwisho alikuwa yule bwana wa mjini aliyelichukua dume. Dada hakumpigia, alitaka kumwona uso kwa uso. Tulimkuta nyuma ya nyumba yake, mtaa wenye kuta ndefu, mbele ya vizimba vilivyopangwa kama makabati. Dume letu lilikuwa kwenye kimoja, limekonda, halikututambua. Vingine vilikuwa na majike ya madoa, na nilipoyatazama vizuri nikaona ni wazao wa mbwa wa dada, ambao yule bwana aliwanunua tena kwa waliowachukua.

Dada alimweleza yote. Alimwonyesha shavu lake.

"Pole sana, mathe," yule bwana akasema, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini mimi watu wangu wanataka weupe. Wa madoa wananibakia mkononi. Na mbwa asiyesikia si mbaya sana mtaani, habweki majirani wakilala."

"Nirudishie dume langu."

"Ulinipa, mathe. Ulisahau?"

Tulienda ofisi moja ya serikali, tukatumwa nyingine. Kila mahali tulisikilizwa kwa adabu. Mnyama hapigwi? Hapigwi. Anakula? Anakula. Basi walituambia hakuna kosa wanaloweza kuliandika, kwani kumpandisha mbwa na mwenzake ni jambo la mwenye mbwa.

Dada amerudi kwenye ng'ombe. Hashuki mjini sana siku hizi, kwa sababu ya kovu, anasema, ingawa mimi nadhani anaogopa kukutana na wale mbwa weupe barabarani. Maana sasa wapo. Nimewaona mlangoni pa duka la nguo, kwenye kiti cha mbele cha gari dogo, mikononi mwa msichana aliyekuwa akipigwa picha. Kila nikimwona mmoja napiga makofi nyuma yake, na mwenye mbwa ananigeukia, mbwa hageuki.

Wiki iliyopita kijana nadhifu, pete ya ndoa bado mpya kidoleni, aliingia dukani. Mkewe ana mimba, akasema, na wanataka mbwa mpole wa kukua na mtoto. Ameona weupe fulani kwenye simu, wa macho ya samawati. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, pamoja na jiko la dada, pamoja na damu. Alinisikiliza kwa makini, akanishukuru, akasema kweli dunia ina mambo.

Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akisimama kwenye duka la jirani, akiuliza kitu. Jirani yangu akatoa simu yake mfukoni, akaipekua kidogo, akamgeuzia kioo chenye picha ya mbwa mweupe, na yule kijana akaanza kunakili namba.